Nani Hulipa Mwishoni? Uhakiki wa Istilahi za Bima ya Ujenzi na Deni la Wakurugenzi

Utangulizi

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka 2021, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wafasiri wa sheria wamekuwa na kazi kubwa mikononi mwao. Kazi hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, istilahi ya sheria haipimwi kwa uzuri wa umbo lake wala kwa wepesi wa kutamkika. Hupimwa siku ile mwananchi anaposimama mbele ya hakimu na kuambiwa kwamba neno alilolitilia sahihi lilimfunga. Ikiwa neno hilo lilimficha mzigo wake, basi lugha nayo imeshiriki katika kumdhulumu.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja dogo la istilahi. Ni zile zinazotumika pale nyumba inapojengwa vibaya au inapoachwa kabla ya kumalizika, mtoa bima akamlipa mwenye nyumba, kisha akaenda mahakamani kuwadai wakurugenzi wa kampuni ya ujenzi fedha alizozitoa. Watu wanne wamo katika shauri hili: mwenye nyumba, mtoa bima, kampuni na mkurugenzi. Hoja yetu ni kwamba istilahi tulizonazo zinaeleza vema nani hulipwa kwanza, lakini zinanyamaza juu ya nani hulipa mwishoni. Na yule wa mwishoni ndiye ambaye nyumba yake mwenyewe huenda ikapigwa mnada.

Sheria tuliyoichagua iwe kipimo

Ili tusizungumze hewani, tumechagua sheria moja iliyokwisha kufanya kazi kwa miaka mingi. Katika jimbo la Queensland, nchini Australia, ipo sheria ya mwaka 1991 ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Sheria ya Tume ya Majengo na Ujenzi ya Queensland. Chini ya sheria hiyo, kazi ya ujenzi wa makazi ambayo thamani yake inazidi dola 3,300 za Australia huingia katika mpango wa bima wa serikali. Mkandarasi ndiye anayewajibika kuipeleka ada ya bima kwa Tume, ingawa aghalabu ada hiyo huwa imekwisha kuhesabiwa ndani ya bei ya nyumba. Mkandarasi akiiacha kazi njiani, au nyumba ikitokea na kasoro, Tume humlipa mwenye nyumba kwa kadiri ya masharti ya mpango.

Hadithi haiishii hapo. Kifungu cha 71 kinaipa Tume haki ya kumdai mkandarasi kiasi chote ilichokilipa, nacho hudaiwa kama deni. Kadhalika aweza kudaiwa mtu mwingine yeyote ambaye kosa lake ndilo lililoleta dai. Kifungu cha 111C kinaendelea: mkandarasi akiwa ni kampuni, wajibu wa kulipa deni hilo huambatana pia na kila mtu aliyekuwa mkurugenzi wakati kazi ilipofanywa au ilipopaswa kufanywa, na kila mtu aliyekuwa mkurugenzi wakati malipo ya bima yalipotolewa. Kampuni kufilisiwa hakuwaponyi.

Huenda msomaji akauliza, Queensland inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu jambo lenyewe tunalo, ila kwa sura nyingine. Mkandarasi wa Tanzania anapopewa kazi kubwa, aghalabu hutakiwa kuleta dhamana ya utekelezaji kutoka benki au kampuni ya bima. Akishindwa kazi, mdhamini humlipa mwenye mradi, kisha humrudia mkandarasi. Na ni desturi ya kawaida ya biashara hiyo kwamba wakurugenzi hutakiwa kutia sahihi binafsi kabla dhamana haijatolewa. Sheria ya Queensland inasema waziwazi yale ambayo katika hati zetu husemwa kwa maandishi madogo. Kwa hiyo yafaa kuwa kipimo cha lugha.

Bima ya nani?

Tuanze na neno bima lenyewe. Waswahili husema "kukata bima", na katika fikra zao anayeikata ndiye anayekingwa. Mwenye gari akikata "bima kubwa", hutazamia kulipwa gari lake likiungua. Akikata "bima ndogo", hutazamia kwamba aliyegongwa akidai, kampuni ya bima italibeba dai hilo kwa niaba yake. Katika hali zote mbili, mtoa ada ndiye mpata nafuu.

Katika mpango tunaoueleza mambo yamegeuka. Anayepeleka ada ni mkandarasi. Anayekingwa ni mwenye nyumba. Na mkandarasi, baada ya kupeleka ada yake kwa uaminifu, hudaiwa kila senti iliyolipwa. Mkandarasi anayeuliza, "Nimekata bima, imekuwaje tena nidaiwe?" hana upungufu wa akili. Amelielewa neno kama jamii nzima inavyolielewa. Kwa sababu hiyo tunapinga istilahi kama "bima ya mkandarasi" kwa mpango wa namna hii. Inamwahidi mkandarasi kinga ambayo haipo.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili kwa asili yake ni udhamini, kwa kuwa mdhamini hulipa deni la mwenzake kisha humdai. Wanayo haki kwa upande wa maana. Lakini sheria yenyewe imeliita bima, na mfasiri hana ruhusa ya kuisahihisha sheria anayoifasiri. Isitoshe, neno dhamana masikioni mwa wananchi wengi hukumbusha kwanza mtuhumiwa na kituo cha polisi. Kilicho katika uwezo wa mfasiri ni kuongeza neno la kuonyesha mwenye kinga. Sisi tungependelea "bima ya kumkinga mjengewa".

Neno mjengewa laweza kuwashangaza wengine, basi tulitetee. Katika Kiswahili cha kila siku, tukisema "Juma anajenga Kibamba", hatuna maana kwamba Juma anashika mwiko na pima maji. Maana yetu ni kwamba Juma ndiye mwenye kiwanja na fedha, mafundi wanamjengea. Hivyo neno "mjenzi", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa mkandarasi, laweza kabisa kueleweka kuwa ni mwenye nyumba, na shauri zima likapinduka miguu juu. Mkandarasi, au mwanakandarasi kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, ni neno lililokwisha kukaa. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Na anayejengewa aitwe mjengewa. Mnyambuliko ni wetu, wala hauhitaji kuelezwa.

Fidia iliyobebeshwa mizigo mingi

Hakuna neno katika eneo hili lililochoka kama fidia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni kile kinachotolewa ili mtu akombolewe. Waislamu wanalijua hadi leo kwa kile anachotoa mtu asiyeweza kufunga. Katika sheria zetu neno hili limekuwa punda wa kijiji: malipo ya kampuni ya bima ni fidia, malipo ya aliyevunja mkataba ni fidia, malipo ya ardhi iliyotwaliwa ni fidia, na ahadi ya kumlipia mtu hasara zake nayo ni fidia.

Tuone linavyotuponza. Mwaka 1883 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Castellain na Preston, ambalo hadi leo hufundishwa kwa wanafunzi wa sheria ya bima. Preston alikuwa amepatana kuuza nyumba kwa pauni 3,100. Kabla ya mauzo kukamilika, moto ukaiharibu, na watoa bima wakamlipa pauni 330. Baadaye mnunuzi akalipa bei yote kama walivyopatana, kwa hiyo Preston akawa hana hasara tena. Watoa bima wakadai pauni zao 330, na Mahakama ikaamua kwamba wana haki nazo, kwa sababu bima huziba hasara, wala haikusudiwi kumtajirisha mtu.

Mfasiri anayetumia neno moja tu ataandika: "Preston alilipwa fidia, kisha akaamriwa kulipa fidia." Msomaji wa sentensi hiyo atadhani kwamba Preston alifanya uovu fulani. Hakufanya. Alipokea fedha, sababu ya kuzipokea ikaondoka, akazirudisha. Hapa neno sahihi ni kurejesha, na alichokitoa ni rejesho.

Je, neno hilo latufaa pia kwa mkurugenzi wa Queensland? Wafasiri wengi wangejibu ndiyo, na hapa ndipo tunapotofautiana nao. Mtu hurejesha kile alichokichukua. Mkurugenzi hakuchukua kitu. Malipo ya bima yalikwenda kwa mjengewa. Ukimwambia "urejeshe fedha za bima", atajibu kwa haki kwamba hajaziona. Tena neno marejesho, kwa wingi wake, sasa limekwisha kutwaliwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Mwananchi akisikia "marejesho" hufikiri juu ya mkopo wake wa kila wiki, na mkurugenzi wetu ataongeza: "Wala sikukopa."

Jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 71 kimekiita kiasi hicho deni. Deni hili halitokani na kukopa. Limezaliwa na sheria siku malipo yalipotolewa. Basi na tuliite "deni la kisheria", na tuseme kwamba mkurugenzi analilipa, ilhali Tume inarudishiwa fedha zake.

Msomaji asidhani kwamba tunagombania vivuli. Tofauti ya fidia na deni huamua namna kesi itakavyokwenda. Anayedai fidia kwa uvunjaji wa mkataba hana budi kuthibitisha uvunjaji na kipimo cha hasara, naye mdaiwa aweza kusema kwamba hasara imetiwa chumvi. Anayedai deni la kisheria huthibitisha kwamba masharti ya sheria yalitimia na kwamba fedha zililipwa. Mkurugenzi aliyeambiwa kwamba anadaiwa fidia atakuja mahakamani na picha za kuta na ushahidi wa mafundi, akitaka kuonyesha kwamba kazi haikuwa mbaya kiasi hicho. Atakuta kwamba mahali pa kuyasema hayo palikuwa kwingine na mapema zaidi, katika baraza la mapitio, tena kwa muda uliowekewa mpaka. Aliyeuacha muda huo upite kwa kawaida huona shida kubwa kuufungua mjadala huo upya mbele ya hakimu wa deni. Neno fidia lilimpeleka katika vita vingine.

Mkurugenzi ni nani?

Tunafika sasa kwenye neno lenye hatari kuliko yote, kwa sababu kila mtu anadhani analijua. Mkurugenzi katika Tanzania ni mtu mwenye ofisi, mshahara na mkubwa wake. Yupo Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Yupo Mkurugenzi wa Mashtaka. Wapo wakurugenzi wa idara katika kila wizara. Wote hao ni watumishi. Kinapoharibika kitu, serikali ndiyo hulipa, wala si wao kwa mifuko yao.

Mkurugenzi wa kampuni ni kiumbe kingine. Huenda hana ofisi wala mshahara. Huenda ni mke wa mwenye kampuni, au mdogo wake, ambaye jina lake liliandikwa katika fomu za usajili ili idadi itimie. Anaitwa mkurugenzi, anafurahi, pengine anachapa kadi zenye cheo hicho, na hajui kwamba sheria inamhesabu kuwa miongoni mwa watu wenye madaraka na mizigo ya kampuni. Katika makampuni madogo ya ujenzi, ambayo ndiyo yanayojenga nyumba nyingi za watu, hali hii haina ugeni, iwe Brisbane au Dar es Salaam.

Je, tulitupe neno mkurugenzi? Hapana. Limekwisha kukita mizizi katika sheria za makampuni, na kulibadili sasa kungeleta vurugu kubwa zaidi. "Mjumbe wa bodi", ambalo wengine wamelipendekeza, halifai kwa kampuni ya mtu mmoja au wawili isiyo na bodi ya kukutana. Tunachodai ni kwamba lisiachwe peke yake. Katika hati yoyote inayompa mtu dhima, na liandikwe "mkurugenzi wa kampuni", na palepale pawe na maelezo mafupi kwamba maana yake ni mtu ambaye sheria ya makampuni inamtambua kuwa mkurugenzi, hata kama hafanyi kazi wala halipwi.

Jirani yake ni kitenzi kuwajibika. Hati nyingi husema "wakurugenzi watawajibika". Masikio yetu yamezoea kusikia kwamba kiongozi fulani "awajibike", na kila mtu huelewa kwamba ajiuzulu. Basi mkurugenzi aliyejiuzulu pindi nyumba ilipoanza kupasuka atajiona amekwisha kuwajibika. Lakini kifungu cha 111C kinamshika kwa sababu alikuwapo wakati kazi ikifanywa. Kujiuzulu kwake kulibadili cheo, hakukugusa deni. Panapokusudiwa fedha, na pasemwe fedha: "watadaiwa", "watalipa".

Pazia lisilokuwapo

Mwaka 1896 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Iliamuliwa kwamba kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali, hata kama hisa karibu zote ni zake, na kwamba madeni ya kampuni si madeni yake. Msingi huo ulirithiwa na nchi nyingi, Tanzania na Australia zikiwamo. Pale mahakama inapoacha kuutazama utengano huo na kumfikia mtu aliye nyuma ya kampuni, wanasheria wa lugha za nje husema kwa mfano wa kitambaa, na wafasiri wetu wameuleta mfano huo mzimamzima: "kutoboa pazia la kampuni", "kuinua shela". Katika Kiswahili shela huinuliwa kwa bibi arusi, na pazia hutobolewa na panya. Msomaji hapati picha ya sheria hata kidogo.

Kasoro ya lugha tungeweza kuisamehe. Kubwa zaidi ni kwamba katika shauri letu pazia halipo. Sheria ya Queensland haikanushi kwamba kampuni ni mtu wa kisheria. Kampuni inabaki kuwa mdeni. Sheria inaongeza wadeni wengine kando yake. Kitendo hicho chafaa kuitwa "kuambatisha deni", na hali yake "deni ambatani". Pale ambapo mahakama yenyewe inaupuuza utengano kwa sababu ya hila, tungesema kwa lugha nyepesi "kuivuka kampuni". Mto uliovukwa haukukauka. Nasi twaweza kumfikia aliye ng'ambo.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo haipaswi kuchanganywa na hizo mbili. Katika majimbo kama New South Wales, ambako bima hii kwa miaka mingi ilitolewa na makampuni binafsi, watoa bima waliwataka wakurugenzi watie sahihi hati ya kuahidi kwamba malipo yakitolewa watayalipa wao. Mmojawapo wa watoa bima hao, HIH, alianguka mwezi Machi 2001, na serikali zikalazimika kuingilia kati. Hapo mkurugenzi hafungwi na kifungu cha sheria; amefungwa na kalamu yake mwenyewe. Hati ya namna hiyo nayo imekuwa ikiitwa "hati ya fidia", jina linalomfanya anayesaini adhani kwamba yeye ndiye atakayefidiwa. Tunapendekeza "hati ya kujifunga kulipa". Mtu akiisoma mara moja, mkono wake utasita kidogo, na ni haki usite.

"Kwa pamoja"

Maneno haya mawili ni mepesi, nayo yamewaliza wengi. Tuchukue mfano wa kubuni. Deni ni dola 90,000, na wakurugenzi ni watatu. Hati inasema "watalipa kwa pamoja". Kila msomaji wa Kiswahili atagawanya: 30,000 kila mmoja. Kwetu sisi watu wanaokula pamoja huchanga pamoja.

Sheria inakusudia mengine. Mwenye kudai aweza kuzitaka zote 90,000 kwa yule mmoja ambaye ana nyumba, akawaacha wawili wasio na kitu. Aliyelipa ndiye atakayehangaika na wenzake baadaye ili wamchangie. Wafasiri wenye uangalifu huandika "kwa pamoja na mmoja mmoja", na hiyo ni hatua njema, lakini "mmoja mmoja" nako kwaweza kueleweka kuwa kila mmoja sehemu yake. Hakuna njia ya mkato hapa. Yafaa isemwe wazi: "deni lote laweza kudaiwa kwa yeyote kati yao." Wanaopenda istilahi fupi watanung'unika. Sisi twaona maneno manane ya kweli ni nafuu kuliko maneno mawili ya kupoteza nyumba.

Majirani wanaofanana

Yapo mengine ambayo tutayapitia kwa haraka. Muflisi ni mtu aliyefilisika. Mfilisi ni yule aliyewekwa kuzikusanya mali za kampuni na kuzigawa kwa wanaoidai. Herufi chache tu zinawatenga, na mpiga chapa akipitiwa, mlaji amekuwa mliwa. Kwa kuwa mfilisi limekwisha kuenea katika matangazo ya benki zilizofungwa, na libaki. Muflisi tuliache, tuseme "aliyefilisika".

Mdaiwa nalo lina nyuso mbili. Mahakamani ni mtu yeyote aliyeshtakiwa kwa madai, hata kama haijathibitika kwamba anadaiwa kitu. Mitaani ni mtu mwenye deni. Katika kesi ya kawaida madhara yake ni madogo. Katika kesi ambayo jambo linalobishaniwa ni kama deni lipo, tunamhukumu mtu kwa jina kabla hakimu hajatamka. Wazee wa pwani walikuwa na mwia na mwiwa, maneno mazuri yanayozidi kusahauliwa. Kwa leo inatosha kuweka mdaiwa kwa aliyeshtakiwa, na mdeni kwa ambaye deni lake limethibiti.

Majaribio ya tafsiri

Sasa tuyaweke mambo katika mizani. Kwa istilahi zilizozoeleka, maudhui ya vifungu tulivyovitaja yangesomeka hivi:

"Tume ikilipa fidia ya bima, itarejeshewa fidia hiyo na mjenzi, na wakurugenzi watawajibika kwa pamoja."

Hakuna kosa la sarufi. Sentensi ni fupi na inatiririka. Lakini mjenzi ni nani? Fidia ipi ni ya nani? Wakurugenzi wa wapi, na wa wakati gani? Watafanya nini hasa, na kila mmoja kwa kiasi gani? Mwananchi anaweza kuisoma mara kumi na akatia sahihi bila hofu yoyote.

Tukitumia maneno tuliyoyatetea, maudhui hayohayo yangekuwa hivi:

"Tume ikimlipa mjengewa malipo ya bima, kiasi kilicholipwa kitakuwa deni la kisheria ambalo Tume inamdai mkandarasi. Mkandarasi akiwa kampuni, deni hilo litaambatana pia na kila mtu aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni wakati kazi ilipofanywa au ilipopaswa kufanywa, na kila mtu aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni wakati malipo yalipotolewa. Deni lote laweza kudaiwa kwa yeyote kati yao. Kufilisiwa kwa kampuni hakuliondoi deni hilo kwa wakurugenzi wake."

Huu ni muhtasari wetu wa kupimia lugha, wala haujidai kuwa tafsiri rasmi. Ni mrefu zaidi ya mara nne. Lakini mtu akiusoma atajua kabla ya kutia sahihi kile ambacho mwenzake alikijua siku dalali wa mahakama alipobisha hodi.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, waandishi wa hati na wanakamati wa istilahi wayafikirie haya:

1. Mkandarasi kwa anayejenga kwa biashara, na mjengewa kwa anayejengewa. Mjenzi lisitumike katika hati za sheria bila kuelezwa.

2. Malipo ya bima kwa kile anacholipwa mjengewa. Fidia libakizwe kwa malipo ya aliyemtendea mwenzake kosa au aliyevunja mkataba.

3. Rejesho kwa aliyepokea fedha na kutakiwa kuzirudisha. Deni la kisheria kwa anayelipa kwa amri ya sheria fedha ambazo hakuzipokea.

4. Mkurugenzi wa kampuni, na maelezo yake, kila mahali panapotajwa dhima ya fedha.

5. Deni ambatani, hati ya kujifunga kulipa, na kuivuka kampuni, kila moja kwa njia yake, bila kuchanganya.

6. "Deni lote laweza kudaiwa kwa yeyote kati yao" badala ya "kwa pamoja" peke yake.

Hitimisho

Tunajua kwamba istilahi haitungwi na mtu mmoja, wala haikubaliki kwa sababu imechapishwa. Hukubaliwa na wanaoitumia: makarani wa mahakama, mawakili, mabenki, mafundi, na wake na waume wanaoombwa kutia sahihi jioni wakati chakula kinapoa. Tunawaalika wasomaji wetu, hasa walioko katika kazi za ujenzi na bima, watuletee maneno wanayoyatumia wenyewe. Huenda katika ofisi za makandarasi wa Mwanza au Mombasa yamekwisha kupatikana maneno bora kuliko haya yetu.

Lakini neno lolote litakalopendekezwa, tutaliuliza swali lilelile. Je, anayelisoma anajua nani hulipa mwishoni? Likishindwa kujibu, hata liwe tamu namna gani, nafasi yake haiko katika sheria.